Trekta Lako Linakunywa Oili? Pima Kabla ya Kumlaumu Fundi



Kila mwaka mwezi wa Februari ukiingia, katika barabara za Uasin Gishu na Trans Nzoia huonekana matrekta yakitoka gereji. Mengine yamepakwa rangi mpya, na mwenyewe ameketi juu yake kama bwana arusi, maana injini imefunguliwa yote, ikatiwa slivu mpya, pistoni mpya, ringi mpya na beringi mpya. Mwezi mmoja baadaye utamkuta mtu yule yule ukingoni mwa shamba, ameshika kijiti cha kupimia oili, uso umemkunjamana. Oili imeshuka tena. Bomba latoa moshi wa buluu. Naye ana maneno mawili tu kinywani: "Fundi ameniibia."

Labda kweli ameibiwa. Mimi sisemi kwamba mafundi wote ni watu wa haki, na nitafika kwao baadaye. Lakini wakulima wengi tunatoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi, na injini ina ushahidi mwingi kwa mtu aliye tayari kuinama na kutazama. Nayajua haya kwa sababu mimi mwenyewe nilihukumu vibaya, na hukumu ile ilinigharimu fedha na heshima.

Mwaka 2019 nilipeleka trekta langu, Massey Ferguson 135 lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, likafunguliwe injini yote. Lilikuwa limechoka. Asubuhi lilitaka kusukumwa na vijana wanne, na kwenye mteremko lilishindwa na plau ya diski mbili. Niliuza fahali wawili na sehemu ya mahindi yangu ili kupata fedha. Kazi ilifanywa na fundi tuliyejuana tangu ujana, naye kwa siku tisa akanirudishia trekta linalowaka kwa kugusa tu. Aliponipa funguo akaniambia, "Mzee, lipe kazi. Usilionee huruma."

Nilimsikia kwa sikio moja. Tangu zamani tuliambiwa kwamba motokaa mpya huendeshwa polepole, basi nikaona injini mpya ni kama mtoto mchanga asiyefaa kutwikwa mzigo. Kwa wiki tatu trekta lile liliteka maji mtoni na tela lenye mapipa mawili, likisimama pale nusu saa nzima injini ikinguruma taratibu huku vijana wakijaza mapipa na kupiga soga. Jioni lilizungusha mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe. Plau sikuifunga hata siku moja, na moyoni nilijisifu kwa uangalifu wangu.

Wiki ya nne nikaanza kulima. Siku ya kwanza nikaona moshi wa buluu. Siku ya tatu oili ilikuwa chini ya alama ya chini ya kijiti. Nikaongeza lita moja, kesho yake nyingine. Majirani saba walikuwa wamekwisha nilipa sehemu ya fedha niwalimie kabla ya mvua za mwisho wa Machi, na kila mmoja alikuwa akipita kutazama mbona zamu yake haifiki. Nikapanda matatu mpaka gereji, nikamtolea fundi maneno ambayo sitayaandika hapa, tena mbele ya wateja wake. Nilimwambia amenitilia ringi za zamani na kuniuzia jina la mpya.

Yule bwana hakunijibu. Siku ya pili alikuja shambani na sanduku lake la spana, akauliza trekta lilifanya kazi gani tangu litoke kwake. Nilipomweleza habari ya mapipa ya maji alitikisa kichwa. Akataka kwanza tulime siku mbili kwa mzigo kamili, maana ugonjwa huo ukiwa mchanga mara nyingine hupona kwa kazi. Moshi ulipungua, lakini haukwisha. Ndipo akafungua kichwa cha injini mbele yangu, akapangusa silinda kwa kitambaa, akaniambia nitazame. Ukuta wa silinda uling'aa kama kioo cha kunyolea.

"Nilikuachia mikwaruzo humu," akasema. "Mikwaruzo iko wapi?"

Yafaa nikueleze, msomaji, maana wengi hatujui mikwaruzo hiyo ni ya nini. Slivu mpya haiachwi laini kabisa. Husuguliwa kwa jiwe la kusaga likizunguka huku likipanda na kushuka, likaacha mistari midogo inayopishana kama nyuzi za wavu. Mistari hiyo ina kazi mbili: huhifadhi oili kidogo ya kulainisha, na katika saa za kwanza husugua ringi kidogo kidogo mpaka ringi na ukuta vikae pamoja bila uwazi. Sasa, ni nini kinachoibana ringi kwenye ukuta? Si unyumbufu wake peke yake. Moto wa dizeli unapowaka, hewa yake huingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje kwa nguvu. Mzigo ukiwa mkubwa, msukumo ni mkubwa. Injini ikinguruma bila mzigo, msukumo ni haba. Ringi huteleza juu ya utando wa oili bila kusaga chochote, na oili ile huungua polepole ukutani, ikawa kama vanishi inayojaza mistari yote. Hapo ringi haitakaa tena. Silinda inang'aa, mwenyewe anadhani imetunzwa, kumbe imeharibika.

Basi slivu zikasuguliwa tena, nikanunua ringi nyingine, gasketi nyingine na oili nyingine, na kazi nikailipa mara ya pili. Majirani wawili walichukua fedha zao wakaenda kwa mwenye trekta lingine. Fundi nilimwomba radhi mbele ya watu, maana nilikuwa nimemtukana mbele ya watu. Trekta hilo linalima hadi leo.

ANZA NA DAFTARI

Neno "linakunywa oili" halina maana mpaka uweke hesabu. Mtu mmoja husema linakunywa kwa sababu ameongeza nusu lita katika juma zima la kulima, na mwingine anaongeza lita moja kila siku akadhani ni kawaida ya matrekta ya zamani. Wote wawili wamekosea.

Hesabu yenyewe si ngumu. Simamisha trekta mahali palipo sawa. Asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoa kijiti, kipanguse, kitie tena, kisha usome. Jaza oili mpaka alama ya juu, usipite. Andika daftarini saa zilizoonyeshwa na mita. Tangu hapo, kila ukitia dizeli andika ni lita ngapi, na kila ukitia oili andika ni kiasi gani. Mafundi wengi wa dizeli huhesabu kwamba injini nzima haipaswi kutumia zaidi ya lita 1 ya oili kwa kila lita 200 za dizeli. Kama umechoma lita 120 za dizeli na umeongeza nusu lita ya oili, nenda kalime, huna kesi na mtu. Kama kwa dizeli hiyo hiyo umeongeza lita 2, hapo pana jambo la kutafutwa.

Injini iliyotoka kufunguliwa itatumia zaidi kidogo katika saa za mwanzo, mpaka ringi zikae. Kwa hiyo tazama mwendo wa hesabu. Ikiwa kila juma inapungua, iache ifanye kazi. Ikiwa baada ya saa 100 iko pale pale au inapanda, usingoje msimu wa pili.

Jambo dogo ambalo limewapotosha wengi: dereva husimamisha injini na papo hapo kuchomoa kijiti. Oili iliyo juu haijateremka, kijiti kinaonyesha pungufu, naye anaongeza. Kesho anaongeza tena. Mwishowe oili imepita alama ya juu, krenki inaipiga na kuirusha kila mahali, ringi zinalemewa, na nyingine inatoka kwa bomba la kupumulia. Trekta linafuka moshi na kumwaga oili, na ugonjwa wake ni chupa iliyo mkononi mwa dereva. Nimeona mtu akitaka kushusha injini kwa sababu hiyo.

OILI INATOKEA MLANGO GANI?

Daftari likisema kweli inapungua, tafuta mlango unaotokea kabla ya kufungua nati hata moja. Oili ina njia chache tu: humwagika nje, au huungua ndani, au (katika mashine zenye vyombo vingi) huingia mahali pengine isipotakiwa.

Ya kumwagika ni rahisi. Laza boksi kavu chini ya trekta usiku, asubuhi utasoma matone. Chini ya nyumba ya klachi ya MF 135 pana tundu lenye pini ndogo. Oili ikidondoka hapo, yaweza kuwa sili ya nyuma ya krenki inavuja. Lakini tundu hilo hilo hutoa pia oili ya gia, basi ichunguze kwa rangi na harufu kabla ya kuapa. Sili ya nyuma ya injini hizo za zamani ni ya kamba, na fundi akiikata vibaya au akiitia kavu itavuja siku ile ile.

Kisha tazama chujio la hewa. Hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo injini nyingi za nchi hii hufia. Matrekta mengi ya zamani yana chujio la bakuli la oili. Bakuli likijazwa kupita alama, injini huvuta ile oili na kuichoma. Utaona moshi wa buluu mnene, na silinda hazina kosa lolote. Injini ya dizeli ikivuta oili nyingi kwa njia hiyo yaweza hata kukimbia yenyewe, isizimike ukifunga dizeli. Bakuli likiwa kavu, au limejaa tope, ubaya ni mwingine: vumbi linapita. Nawe wajua vumbi la kwetu mwezi wa Februari, trekta likilima mbele huwezi kuliona kwa wingu lake.

Lakini adui mkubwa zaidi ni ule mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Mara nyingi mkulima hutumia fedha nyingi kwa pistoni na slivu, kisha mpira wa zamani uliopasuka hurudishwa pale pale na kufungwa kwa waya, ati wa kununua mpya utafika juma lijalo. Msomaji, udongo ni jiwe la kusagia. Ukiingia na hewa hukwangua sehemu ya juu ya silinda na ringi ya kwanza, na injini uliyoilipia kwa fahali wawili itazeeka kwa msimu mmoja. Kuchunguza ni kazi ya dakika tano: fungua mpira, tia kidole kilichofungwa kitambaa cheupe, pangusa upande wa ndani baada ya chujio. Kitambaa kikitoka na vumbi, trekta lako linakula shamba. Hakuna ringi itakayoliponya mpaka mpira huo utupwe.

Baada ya hapo ndipo usome moshi. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Moshi mweupe, hasa asubuhi ya baridi, ni dizeli isiyoungua; ukiendelea injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yakipungua, huenda ni maji yanayoingia silinda. Moshi wa buluu ndio oili. Lakini usitazame rangi tu, tazama na saa yake. Ukitoka kwa wingi asubuhi unapowasha, kisha ukafifia, fikiria njia za valvu, maana oili imeshuka humo usiku kucha. Fundi akibadili ringi na kuacha njia za valvu zilizolegea, amefanya nusu ya kazi. Moshi wa buluu ukizidi kadiri mzigo unavyozidi, na bomba la kupumulia likipuliza kama birika, basi hewa inapita ringi kwenda chini, na kwa kawaida shauri ni la ringi au silinda.

Liko na jambo ambalo hata mafundi husahau: beringi za krenki zikilegea, hutoa oili nyingi mno inayorushwa ukutani, hata ringi nzuri haziwezi kuikwangua yote. Kwa hiyo anayetia ringi mpya juu ya beringi za zamani ili kupunguza gharama asishangae moshi ukirudi.

KIPIMO CHA MKANDAMIZO NA MLIMA WETU

Fundi mwenye kipimo cha mkandamizo anaweza kukuambia mengi bila kufungua kichwa. Huondoa nozeli, hufunga kipimo mahali pake, huzungusha injini kwa stata, na kusoma silinda moja baada ya nyingine. Kiwe kipimo cha dizeli. Cha petroli hakifai, maana mkandamizo wa dizeli hupita wa petroli zaidi ya mara mbili. Silinda ikiwa chini, hutiwa oili kidogo sana na kupimwa tena. Ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha. Ikibaki pale pale, mtazamo uende kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Nasema kidogo sana kwa sababu chumba cha moto cha dizeli ni kidogo, na oili ikizidi hukijaza ikadanganya kipimo, au hata kupinda chuma.

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sehemu moja kati ya tano, au zaidi kidogo. Injini inayovuta hewa nyepesi haiwezi kukandamiza sawa na ile iliyo pwani. Basi fundi akisoma namba kwenye kitabu cha Uingereza, akaipata injini yako iko chini kwa sehemu moja kati ya tano, akasema imekufa, mwulize kitabu kile kiliandikwa kwa mlima upi. Namba ya silinda moja peke yake haina maana kubwa. Linganisha silinda kwa silinda. Zote tatu zikikaribiana, na injini inawaka vizuri asubuhi, usikubali kufunguliwa. Moja ikiwa chini sana kuliko nyenzake, hiyo ndiyo inayolia.

Kuna pia injini ambayo oili yake haipungui kabisa, mwenyewe akafurahi. Chomoa kijiti unuse. Ikinuka dizeli, ni nyepesi kama maji na imepanda badala ya kushuka, nozeli inavujisha au kiwambo cha pampu ndogo ya kuvutia dizeli kimepasuka, na dizeli inaingia kwenye sampu. Injini hiyo inapoteza oili na kupata dizeli kwa kipimo kile kile, hata kijiti hakisemi. Beringi hazitakaa muda mrefu katika supu ya namna hiyo. Simamisha kazi siku hiyo hiyo.

NGUVU YA KUKOPA

Sasa nataka kusema juu ya desturi nisiyoipenda. Mtu akifungua injini hataki tena nguvu ile aliyokuwa nayo trekta likiwa jipya, anataka zaidi. Jirani ana trekta kubwa linalovuta diski tatu, naye anataka diski tatu. Humwambia fundi, "Ongeza dizeli kidogo," na fundi huvunja muhuri wa pampu na kuongeza. Trekta linatoka likinguruma kama simba na bomba likitoa moshi mweusi kama la garimoshi la zamani. Watu wanasifu.

Hesabu ya mlima ni ile ile. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu sehemu 3 kwa mia kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo pale Eldoret imekwisha poteza sehemu moja kati ya tano kwa kukosa hewa. Dizeli haikuwa pungufu, hewa ndiyo pungufu. Ukiongeza dizeli isiyo na hewa ya kuichoma, inayobaki ni masizi na dizeli mbichi. Masizi huifanya oili iwe nzito na chafu, dizeli huosha utando wa oili kwenye ukuta wa silinda, na kichwa cha pistoni hupata moto usio wake. Katika injini ambayo ringi zake hazijakaa, huko ni kuichimbia kaburi. Diski mbili zinazolima kutwa zitakupa ekari nyingi kuliko diski tatu zinazolima mpaka saa nne kisha zikalala gereji. Najua vijana watanicheka. Wacha wacheke, lakini wanionyeshe daftari lao la oili.

Wapo na wale wanaotia oili nzito sana, au dawa za chupa, ili moshi upungue. Wauzaji wa matrekta makuukuu wanaijua dawa hiyo vizuri. Moshi hupungua kwa siku chache, lakini asubuhi ya baridi oili nzito huchelewa kufika juu, na kila kuwasha ni kusaga. Tumia oili ya dizeli ya uzito ulioandikwa kitabuni, katika chupa yenye kifuniko kisichoguswa.

NA FUNDI NAYE

Nilisema nitafika kwa mafundi. Kosa la kutolipa kazi trekta lilikuwa langu, lakini fundi wangu naye hakuniandikia neno. "Lipe kazi" ni maneno mawili ya mdomo yaliyopita na upepo. Kama angeniandikia kwenye karatasi kwamba saa chache za kwanza lisingurume bila mzigo, lilime kwa mzigo wa kiasi unaobadilika, kisha mzigo kamili, na oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50 au kama kitabu kinavyoagiza, mapipa yale ya maji yangebebwa na punda.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mkulima asilipe sehemu ya mwisho ya fedha mpaka apewe karatasi ya vipimo. Iandikwe upana wa kila silinda juu, katikati na chini, umepimwa pande mbili zinazokatana, ili ijulikane kama ni duara kamili. Uandikwe uwazi wa ncha za ringi zikiwa ndani ya silinda, na uwazi wa beringi. Iandikwe ni spea gani mpya na ni gani za zamani zilizorudishwa, na njia za valvu zitajwe kwa jina. Kama slivu zilizotiwa ni zile zenye utando wa kromu, iandikwe pia, kwa sababu ringi zenye kromu hazitiwi humo. Kromu kwa kromu hulana. Na ringi zenye alama ya upande wa juu, mwenyewe azione kabla pistoni hazijaingia. Ringi ya kukwangua ikigeuzwa chini juu, hupandisha oili badala ya kuiteremsha.

Wako watakaosema kwamba mkulima hajui kusoma mikromita, karatasi hiyo itamfaa nini? Itamfaa siku ya ugomvi. Injini ikila oili, fundi wa pili atapima tena na kulinganisha. Kama silinda imepanuka juu tu, vumbi limeingia, na mwenye trekta ajilaumu. Kama upana ni ule ule na ukuta unang'aa, hakuilipa kazi. Kama upana haukuwa sawa tangu siku ya kwanza, fundi arudishe fedha. Bila karatasi hiyo ni sauti juu ya sauti, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Mafundi waaminifu ndio watakaofaidiwa zaidi, maana hao ndio wanaotukanwa bila kosa.

Kwa mwenye matrekta mengi ya kukodisha, yafaa pia kupeleka oili iliyotumika maabara. Shaba na risasi zikizidi hutaja beringi, chuma hutaja slivu na krenki, kromu hutaja ringi, na silikoni ikiandamana na alumini hutaja udongo. Usipeleke oili ya kwanza baada ya injini kufunguliwa. Hiyo huwa na chuma cha ringi zinazokaa, na silikoni ya gundi ya gasketi, itakutisha bure.

Tangu mwaka 2013 kazi za kilimo ziko mikononi mwa kaunti, na ingefaa kila kituo cha zana za kilimo kiwe na kipimo kimoja cha mkandamizo wa dizeli na kimoja cha upana wa silinda, pamoja na mtu anayejua kuvitumia siku za soko. Bei ya vipimo viwili hivyo si kitu ukiilinganisha na injini moja iliyofunguliwa bila sababu. Sisi katika ushirika wetu hatukungoja. Wenye matrekta tulichanga tukanunua cha mkandamizo, nacho kinakaa kwa katibu katika sanduku la mbao pamoja na nozeli ya mfano na daftari. Anayekihitaji huandika jina lake na saa za mita ya trekta, hukichukua jioni na kukirudisha kesho yake. Jina la kwanza katika daftari hilo ni la fundi wangu.